Samaki Waliozidi Sebuleni Kwetu

Mwanangu Hadija,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana nakusikia hapo chumbani ukiimba na kubamiza milango ya kabati. Mimi nipo mezani, pilau inajiivia jikoni, na baba yako ameniambia nikuache ufungashe kwa nafasi. Basi nimeona nikuandikie. Tukikaa tuongee tutabishana kama kawaida yetu, nawe utanishinda kwa sababu unaongea haraka kuliko mimi. Nikikutumia kwenye simu utanijibu kwa kikopa chekundu, tumemaliza. Karatasi huwezi kuijibu kwa kikopa.

Sitakuandikia habari za kuchanganya chumvi, kusugua vioo wala kupima joto la maji. Hayo umeyasomea, na hata kabla ya chuo ulikuwa unanisahihisha mbele za watu. Wala sitakuambia ubebe sweta, ingawa Dodoma asubuhi kuna kibaridi. Haya, nimeshakuambia.

Ninachotaka kusema kimetokana na ile simu ya juzi. Ulikuwa barazani unaongea na bosi wako mpya, umeweka sauti ya nje, na mimi niko dirishani nakata vitunguu.

"Binti," alisema, "hilo tangi la mapokezi nimelijenga kubwa makusudi. Mgeni akifungua tu mlango wa hoteli, nataka aseme mamaa! Samaki wajae. Kila kona samaki. Umenielewa?"

Nawe ukajibu kwa adabu zako zote, "Nimekuelewa, bosi."

Niliacha kukata vitunguu. Sikulaumu, mwanangu. Mtu ambaye hata hajaripoti kazini hawezi kuanza kubishana na anayemlipa. Lakini nilijua unakwenda kukutana na swali lile lile lililotutesa sisi hapa Kibaha: tangi hili la maji chumvi, na matumbawe yake, lina uwezo wa kubeba viumbe wangapi? Mimi jibu lake nililitafuta kwa njia mbaya. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa bado mdogo, na naona mambo mengi unayakumbuka kwa upande wa kuchekesha tu. Ngoja nikusimulie kwa upande wangu.

Unajua mimi ni mtu wa Tabora. Bahari nimeiona nikiwa mtu mzima, na siku ya kwanza niliyaonja maji yake kwa ncha ya kidole nihakikishe kama kweli ni ya chumvi. Shangazi yako anacheka hadi leo. Nilipoajiriwa maabara kwenye ile zahanati, pale wagonjwa wanaposubiri palikuwa na tangi la samaki wa baharini, na mimi nilikuwa natoka kwenye darubini yangu nasimama hapo kupumzisha macho. Zahanati ilipohamia jengo lingine, tangi likakosa pa kuwekwa. Mwenye zahanati akasema anayelitaka alichukue. Watu wakaangaliana. Mimi nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Baba yako alirudi kutoka kazini Kwala jioni ile akakuta Canter mlangoni na wanaume wanashusha kioo kikubwa kuliko kitanda chetu. Akauliza, "Mama Hadija, hili ni jeneza la nani?" Lakini wiki hiyo hiyo aliligongea meza ya mbao ngumu, nzito, ambayo hadi leo haijatikisika. Baba yako yuko hivyo. Anauliza kwa kejeli huku mkono umeshashika nyundo.

Maji tulikuwa tunafuata Bagamoyo kwa madumu. Tukayajaza, tukapanga mawe yale yenye matumbawe tuliyopewa pamoja na tangi, tukawasha pampu, tukasubiri maji yakomae. Unakumbuka majirani? Kila aliyeingia alisimama, akainama, akatafuta, halafu akauliza, "Mmefuga maji?" Nilikuwa nawaeleza habari za vijidudu visivyoonekana ambavyo lazima viote kwanza kwenye mawe ili vije kuumeza uchafu wa samaki. Wananiitikia, "Ahaa," na macho yanasema huyu mama kazi za maabara zimemchosha.

Halafu tukaleta wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mke na mume, ukawaita Bibi Harusi na Bwana Harusi. Walikuwa wazima, wanakula, wanatembea pamoja kutwa nzima. Tungeishia hapo kwa miezi kadhaa, tungekuwa watu wenye akili.

Mwenye kosa ni mimi, na nilikosea kwa njia ya kisomi kabisa. Niliingia mtandaoni nikapata kanuni: urefu fulani wa samaki kwa lita fulani za maji. Mimi mtu wa maabara, nikiona kanuni moyo unatulia. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu, kanuni ikanipa ruhusa ya samaki wengi mno. Sikujiuliza kama kanuni hiyo inajua kwamba kwenye tangi letu nusu ya nafasi ni mawe. Sikujiuliza inajua nini kuhusu joto la Kibaha. Na samaki wenyewe niliwapima kwa macho wakiwa ndani ya mfuko wa nailoni kule dukani, bado watoto. Ni kama kununulia darasa la kwanza sare ukidhani watabaki na miguu ile ile mpaka kidato cha sita.

Nikamleta yule samaki anayeitwa kangaja, akiwa mdogo kama kiganja chako cha wakati ule. Nikamleta samaki mwingine, kitatange wa njano. Nikawaleta wale wadogo wa buluu, wakorofi, kundi zima, kisha kamba, kaa, konokono na samaki wa kulala mchangani. Muuza samaki kule Dar alikuwa ananiona naingia anatabasamu mpaka masikioni.

Bibi yako akaja kututembelea kutoka Vihingo, na kuku wake kwenye kikapu na mihogo kwenye kiroba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye kioo.

"Hawa mnawala lini?"

"Hatuwali, Mama. Ni wa kuangalia."

"Wa kuangalia!" Akakaa kwenye kochi. "Basi waongezeni, mtu aangalie ashibe. Hapa naona kama soko limeshafungwa."

Ninamtaja bibi yako lakini ukweli ni kwamba alinisukuma kwenye mteremko niliokuwa nauteremka mwenyewe. Kila mgeni alisema ongeza. Hakuna hata mmoja, Hadija, katika miaka yote hiyo, aliyewahi kusimama mbele ya lile tangi akaniambia punguza. Hilo ukalishike, kwa sababu kule hotelini utasimama peke yako kama nilivyosimama mimi.

Sasa ile Idd. Ulikuwa kidato cha pili, umevaa gauni la zambarau na bangili mpaka kwenye kiwiko. Nyumba imejaa. Rafiki zake baba yako wa kazini wamekuja na kanzu nyeupe zinang'aa, bibi yako amekuja, majirani na watoto wao. Joto lile la kukausha nguo kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika. Umeme ukakatika wakati tunapakua. Sikushtuka. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Nikaendelea kupakua.

Wewe ndiye uliyepiga kelele. "Mama! Wanahema!"

Nilipofika nikawakuta wote wako juu, midomo kwenye uso wa maji, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga. Kangaja, ambaye kwa wakati huo alishakuwa kama sahani ya chai, amelala ubavu. Pampu imenyamaza. Maji yenyewe ukiyagusa ni uvuguvugu. Mimi ndiye mwenye elimu ya vipimo humo ndani, na nilibaki nimeshika upawa wa pilau unadondosha mafuta kwenye zulia.

Hukunisubiri. Ulivua bangili ukazirusha kwenye kochi, ukachukua jagi la juisi, ukaanza kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu, unachota unamwaga, ili yapate hewa. Baba yako akaleta jagi la pili. Kisha ikawa kazi ya nyumba nzima. Wale wanaume walikunja mikono ya kanzu wakapokezana. Mmoja anakula, mwenzake anachota, wanabadilishana. Mama Suleiman wa jirani alipanda kwenye kigoda na hijabu yake ya sherehe. Bibi yako hakuinuka kwenye kochi lakini alituongoza wote kwa sauti.

"Panda juu zaidi! Yapige maji, usiyabembeleze! Wewe mwenye kanzu, umechoka? Mpe mwingine! Hadija, mke mwenzangu, njoo unywe maji wewe, usije ukaanguka!"

Tulichota mpaka adhana ya magharibi. Umeme uliporudi watu walishangilia kama timu imefunga bao. Zulia lilikuwa bwawa. Nasikia yule rafiki wa baba yako mwenye kitambi bado anajitambulisha kwa watu kuwa aliwahi kuokoa samaki siku ya Idd.

Lakini kitatange alikufa, na wale wa buluu wengi wao walikufa, na wawili walifia nyuma ya mawe tusiwaone, wakaoza humo, wakayaharibu maji. Kipimo cha amonia kilibadilika rangi mbele yangu, rangi ambayo sikutaka kuiona. Matumbawe yakajifunga kama ngumi. Wiki nzima nilikuwa natoka kazini nabadilisha maji, na nikimaliza nakaa chini mbele ya kioo nalia kimya kimya, mtu mzima na heshima zangu, ninalilia samaki. Uliniona. Ulijifanya unatafuta chaja.

Baada ya mambo kutulia ulinijia na chai. Nayakumbuka maneno yako.

"Mama, tuwapunguze."

"Waliobaki ni wachache, Hadija."

"Ni wachache kwa leo. Umeme ukikatika tena je? Kangaja bado anakua, Mama. Umemwona anavyotembea? Anafika ukutani anageuka, anafika ukutani anageuka. Wewe unahesabu samaki wakati pampu inanguruma."

Nilikukasirikia. Nilikwambia hujui nimewalea vipi. Niliondoka nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Lakini huko kwenye kamba nilijua kwamba umenipiga pale penyewe. Ile kanuni yangu ilikuwa ya siku nzuri: umeme upo, mimi ni mzima, hakuna joto, hakuna wageni, hakuna mtoto wa jirani aliyetumbukiza kipande cha chapati. Nilikuwa sijawahi kujiuliza tangi hili linabeba wangapi siku ambayo kila kitu kimekwenda kombo.

Nilirudi nikakwambia, "Haya. Nani anabaki?"

Tulikaa watu wanne pale sebuleni, na bibi yako akiwa bado hajarudi Vihingo, tukawajadili samaki kama baraza la ukoo. Baba yako akawatetea Bibi Harusi na Bwana Harusi. Wewe ukamtetea yule mdogo mwenye sura mbaya anayelala mchangani na kuchungulia, kwa sababu hana mtu wa kumsemea. Bibi yako akasema yeye anamtaka yule kamba mwekundu anayewasafisha wenzake: "Ndiye pekee humu anayefanya kazi." Konokono na wale kaa wanaobeba nyumba mgongoni wakapita bila kupingwa. Hakuna aliyewataja waliobaki wa buluu, wakorofi wale, na kangaja hakuna aliyetaka kumtaja kwa sababu kila mtu alijua lazima aondoke.

Hao wa buluu na kangaja tuliwarudisha kwa yule muuza samaki, ambaye alikuwa na mteja mwenye tangi refu la ukumbini. Ulimbeba kangaja kwenye ndoo mapajani njia nzima, na mkono juu ya mfuniko. Siku ile tulipokwenda kumwangalia kwenye tangi lake jipya, alikimbia kutoka upande mmoja mpaka mwingine bila kusimama, na mimi nilihisi kama nimevuliwa kiatu kinachobana. Sikukwambia wakati ule. Nilikuwa bado najifanya nimenuna.

Na sasa jambo ambalo nataka ulitumie kwa bosi wako. Bibi yako aliporudi kututembelea, baada ya mavuno, aliingia, akasimama mbele ya tangi, akakunja uso.

"Nyinyi watu! Mlisema mnapunguza. Mbona mmeongeza?"

Tuliangaliana mimi na wewe. Samaki walikuwa wachache kuliko wakati wowote. Lakini wale wakorofi walipoondoka, waliobaki walitoka mafichoni. Bwana Harusi alikuwa anazunguka tangi zima badala ya kukaa kwenye kona moja na mapezi yaliyochanika. Yule wako mwenye sura mbaya alikuwa kaketi mbele kabisa, hadharani, kama mwenyekiti wa mtaa. Na matumbawe, kwa vile maji yalikuwa safi, yalifunguka yakanenepa, ya zambarau, ya kijani, yanayumba na mkondo wa pampu, mpaka ukuta mzima ulikuwa unacheza. Bibi yako hakuamini mpaka tulipomhesabia kidole kwa kidole. Hata hivyo alirudi Vihingo akiwaambia watu kwamba tumeongeza.

Basi mgeni wa hoteli naye ana macho kama ya bibi yako. Mtu haingii mapokezi akahesabu. Anaona kuna uhai au hakuna. Bosi wako anaposema samaki wajae, anachotaka ni mgeni aseme mamaa, na hilo unaweza kumpa. Usimwambie haiwezekani. Mwambie, "Bosi, tuanze na hawa, wakitulia tutaongeza mmoja," halafu kweli usubiri, mpaka vipimo vitulie na matumbawe yaonyeshe furaha, ndipo umlete huyo mmoja. Kila unapotaka kumleta mpya, mfikirie kwanza akiwa amefikia ukubwa wake wa mwisho. Jiulize atalala wapi, atampiga nani, atapigwa na nani. Na jiulize kama umeme ukikatika na jenereta la hoteli likagoma, wewe na mhudumu mmoja mwenye jagi mtawaweza. Ukiona hamtawaweza, tangi limeshajaa, hata kama maji yanaonekana matupu.

Utakosea, mwanangu. Wapo watakaokufa mikononi mwako ingawa umefanya kila kitu sawa, maana ni viumbe, na bahari walimotoka ni kubwa kuliko kitabu chochote. Siku hiyo nipigie. Usinipigie ukiwa umeshajikaza na sauti ya kazini. Nipigie wakati unalia, mimi nitajifanya natafuta chaja.

Na bosi akishikilia, akasema jaza au ondoka, basi panda basi uje nyumbani. Sisemi haya kwa sababu nataka urudi. Nataka ukae huko, ufanye kazi, watu wa Dodoma wasiowahi kuiona bahari waione kwa mkono wako, kama mimi nilivyoionea pale zahanati. Nasema ili ujue kwamba una pa kurudi, maana mtu mwenye pa kurudi anaweza kusema hapana kwa sauti ya kawaida, bila kupayuka na bila kutetemeka. Mimi nilijifunza kusema hiyo hapana nikiwa na mvi. Wewe uliisema ukiwa kidato cha pili, kwa mama yako, na chai mkononi. Hilo ndilo linalonifanya nikuruhusu uende.

Baba yako anapita hapa anajifanya anatafuta funguo. Ameshapita mara kadhaa, na funguo ziko mfukoni mwake, zinalia akitembea. Ukitoka mkumbatie kwanza yeye.

Mungu akutangulie njiani na akupe watu wema. Nilitaka niandike zaidi, lakini umeniita. Unasema begi halifungi, nije nilikalie. Nimekuona tangu asubuhi ukisindilia viatu na vitabu humo, sikutaka kuingilia. Nakuja, Hadija. Lakini silikalii. Tutalifungua tuamue nini kinabaki.

Mama yako,
mwenye mvi na vitunguu mikononi